Sikio la Mwanahistoria: Kanda za Ikulu na Mzozo wa Kuba

Wapenzi wa tenzi wanalijua balaa la mnakili. Nukta ikiwekwa juu badala ya chini katika hati ya zamani, ubeti mzima huchukua njia nyingine, na wajao baadaye hulighani kosa wakidhani ni hekima ya mtunzi. Balaa hilo halikuwapata washairi peke yao.

Mnamo Oktoba 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani na washauri wake walishauriana kwa siku 13 juu ya makombora ya Kisovieti yaliyopigwa picha kisiwani Kuba na ndege ya U-2 tarehe 14 ya mwezi huo. Wengi wa waliokuwamo barazani hawakujua kwamba Rais alikuwa akizirekodi sauti zao. Habari za kanda hizo zilitoka hadharani mwaka 1973, nazo zikafunguliwa kidogo kidogo hadi 1997, mwaka ambao wanazuoni Ernest May na Philip Zelikow walichapisha maandishi yake.

Sheldon Stern, mwanahistoria aliyeanza kazi katika Maktaba ya Kennedy mjini Boston mwaka 1977, alikuwa amekwisha kuzisikiliza kanda hizo kwa miaka mingi, pamoja na mikwaruzo yake na watu wanaosema kwa mpigo. Alipokisoma kitabu hicho aliona makosa tele, na mwaka 2000 akayatangaza. Mojawapo ni hili: Rais anazungumzia hatari ya kupigana kwa silaha za nyuklia, kitabu kikaandika kuwa aliita jambo hilo anguko kuu, ilhali Stern alisikia anguko la mwisho. Tofauti si ndogo. Aliyeanguka anguko kuu huenda akainuka. Baada ya lile la mwisho, hapana wa kuinuka. Stern akayatia maneno hayo katika jina la kitabu chake cha mwaka 2003.

Lakini kazi yake iliyochoma zaidi ni ile iliyomhusu Robert Kennedy, nduguye Rais. Kumbukumbu zake za mzozo huo zilitoka mwaka 1969, yeye mwenyewe akiwa ameshauawa mwaka uliotangulia, na kwa miaka mingi wasomaji walimjua humo kama mtu wa subira aliyewazuia wenye pupa ya vita. Kanda zinamsema vingine. Siku ya kwanza tu, Oktoba 16, anasikika akiuliza kama hakuwezi kupatikana kisingizio cha kuishambulia Kuba, hata kwa kuzamisha meli. Naye aliyeshikilia kwamba makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki yabadilishwe na yale ya Kuba, karibu wote wakimpinga Oktoba 27, ni Rais mwenyewe. Usiku huo Robert ndiye aliyempelekea balozi Dobrynin ahadi ya siri. Mwaka 1989 Theodore Sorensen, mhariri wa kumbukumbu hizo, alikiri kuwa yeye ndiye aliyeifuta humo habari ya mapatano hayo. Kwa hiyo vizazi vya viongozi vilifundishwa kwamba mtu hushinda kwa kukaza shingo, kumbe palikuwa na kupeana.

Hata hivyo kanda nayo ina ukuta wake. Kikao kidogo kilichoiidhinisha ahadi ile hakikurekodiwa. Wala waliokuwamo hawakujua kwamba kisiwani mlikuwa na askari wa Kisovieti wapatao 42,000 wenye silaha ndogo za nyuklia za uwanja wa vita, wala kwamba siku hiyohiyo ndani ya nyambizi B-59 nahodha alifikiria kufyatua torpido ya nyuklia, na Vasili Arkhipov akawa miongoni mwa waliomtuliza. Hayo yalijulikana katika mikutano ya Havana ya 1992 na 2002.

Na sisi watu wa visiwa tutaona pengo jingine, ambalo wasomi wa bara aghalabu hulipita mbio: katika saa zote hizo za maneno, hamna sauti ya Mkuba hata mmoja. Fidel Castro alizipata habari za mapatano ya Oktoba 28 kupitia vyombo vya habari, kabla barua ya Khrushchev haijamfikia. Akatoa masharti yake matano, mojawapo likiwa Marekani iondoke Guantánamo, na akawakatalia wakaguzi wa Umoja wa Mataifa wasiikanyage ardhi ya Kuba. Makombora yakapakiwa melini, nayo yakahesabiwa baharini, kutoka angani, na ndege za Marekani.