Christy Mathewson: Shahidi Aliyekuwa Vitani



Mtu mwenye kipaji hupimwa mara mbili: kwanza kwa lile awezalo kulitenda, na pili kwa lile akataalo kulifumbia macho. Historia ya Christy Mathewson, mchezaji wa besiboli wa Marekani, yathibitisha jambo hilo.

Mathewson alizaliwa tarehe 12 Agosti 1880 katika mji mdogo wa Factoryville, jimbo la Pennsylvania. Katika besiboli, mtupaji husimama kiasi cha mita 18 kutoka kwa mpigaji mwenye gongo, akajitahidi kumpita kwa kasi au kwa hila ya mpira unaopinda. Kazi hiyo Mathewson aliimudu kuliko karibu wote wa zama zake. Akiichezea timu ya Giants ya New York, mnamo Oktoba 1905 aliwakabili mabingwa wa Philadelphia mara tatu katika muda wa siku sita, na katika michezo yote mitatu hawakupata hata pointi moja. Hadi alipostaafu mwaka 1916 alikuwa na ushindi 373.

Haki katika ligi hizo ilikuwa na mipaka yake, kwani milango yake ilifungwa kwa wachezaji weusi hadi mwaka 1947. Na hata ndani ya milango hiyo, wacheza kamari walikuwa wakiwanunua wachezaji ili timu zao zishindwe kwa makusudi.

Mwaka 1918 Mathewson alikuwa meneja wa timu ya Cincinnati. Alipomshuku Hal Chase, mchezaji wake hodari, kuwa anauza michezo, hakutazama jina wala umaarufu wake. Mwezi Agosti alimsimamisha kazi. Majuma machache baadaye, akiwa na umri wa miaka 38, alijiunga na jeshi, akapelekwa Ufaransa akiwa kapteni katika kikosi cha vita vya gesi.

Shauri la Chase liliposikilizwa New York mapema mwaka 1919, shahidi mkuu alikuwa ng'ambo ya bahari, akilitumikia taifa lake. Chase akaachiliwa kwa ukosefu wa ushahidi. Mathewson aliporejea kuwa msaidizi wa meneja wa Giants, alimkuta mtu yule yule amekwisha kuajiriwa humo humo!

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka huo huo wachezaji wa White Sox ya Chicago walikula njama na wacheza kamari, na timu yao ikashindwa katika fainali za taifa. Mathewson alikuwapo uwanjani, ameketi na mwandishi Hugh Fullerton, wakitia alama kila tendo walilolitilia shaka. Mwaka 1921 wachezaji 8 walifungiwa maisha.

Lakini afya ya Mathewson ilikuwa imekwisha kuharibika. Ty Cobb, mchezaji mwenzake aliyekuwa afisa katika kikosi hicho, alisimulia baadaye kwamba katika zoezi moja huko Ufaransa ishara ya kuvaa vinyago haikuonekana kwa wakati, na Mathewson akavuta gesi ya sumu. Mwaka 1920 madaktari walimkuta na kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa umemwua mdogo wake mwaka 1917. Alifariki tarehe 7 Oktoba 1925, siku ile ile fainali za taifa zilipofunguliwa. Kesho yake wachezaji waliingia uwanjani wamevaa vitambaa vyeusi mikononi.

Mwaka 1936 alikuwa mmoja wa wachezaji 5 wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli, na wa pekee kati yao aliyekuwa marehemu.

Ndugu wasikilizaji, ushindi 373 waweza kupitwa na mwingine, na kwa hakika wako waliomzidi. Lakini mkuu anayemwajibisha mtu wake hodari, angali anamhitaji, ni adimu katika timu, na ni adimu zaidi katika kikosi.