Moto wa Chokaa ya Chovai

Chovai iko kati ya Koyama na Chula, kusini ya Kismayo, kwenye mlolongo wa visiwa vya Wabajuni. Neville Chittick alipochapisha uchunguzi wake wa pwani hii katika jarida la Azania, mwaka 1969, aliorodhesha magofu ya misikiti na makaburi ya mawe. Magofu ya namna hii huulizwa umri wake kwanza. Naona yafaa pia kuulizwa yalikula moto kiasi gani, kwani ustadi wa waashi wa pwani ulikuwa kujua kazi ipi yahitaji moto na ipi haihitaji.

Jiwe la kuchonga halikuhitaji. Tumbawe la porites lilikatwa baharini lingali bichi, laini, likachongwa, kisha likakazwa na hewa. Vitundu vyake tele vililifanya jepesi. Moto ulidaiwa na chokaa. Magogo ya mikoko yalipangwa kuwa tanuu, matumbawe yakawekwa juu, yakachomwa kwa joto linalokaribia digrii 900. Hapo hewa ya ukaa hutoka, na kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 tu za chokaa isiyozimwa. Aweza mtu kusema deni hilo hujilipa, maana lipu inapokaza huinyonya tena hewa ileile. Ni kweli kwa hewa iliyotoka jiweni. Iliyotoka kwenye magogo hurudi pale tu mikoko inapoachwa ichipue, na mikoko ya pwani hii ilitakiwa pia kwa boriti, za hapa na za kusafirishwa Arabuni.

Hesabu hiyo ndiyo inayowakabili leo watengenezaji wa silika yenye vitundu vya nano, inayotumika kuchuja na kubeba dawa. Mwaka 1992 watafiti wa Mobil walitangaza MCM-41: silika hugandishwa kuzunguka kiolezo cha molekuli mfano wa sabuni, kisha kiolezo huchomwa kwa digrii zipatazo 540 ili vitundu vibaki wazi. Patwardhan na wenzake wa Sheffield walionyesha mwaka 2017 njia nyingine: silika huundwa majini bila kuchemshwa, kwa kuiga viumbe vya baharini, na kiolezo huoshwa kwa tindikali. Chokaa si silika, na silinganishi kemia zake. Nalinganisha mahali moto unapoingia kazini.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kukwepa moto si kukwepa gharama. Tindikali nayo lazima itengenezwe na maji yake yasafishwe. Porites nalo ni kiumbe hai, hukua kama sentimita moja kwa mwaka, na kulikata ni kuua mwamba wanamozaliana samaki. Nalikubali hilo, na majengo yenyewe yanaonyesha kuwa halikutumiwa ovyo: katika misikiti ya mawe ya pwani ya Waswahili, kuta hujazwa mawe magumu ya nchi kavu, na porites huwekwa kwenye mihrabu na miimo ya milango, penye nakshi.