Watoro wa Rabai na Fuladoyo

Historia ya Kanisa la Kiprotestanti katika Pwani ya Kenya huanzia kwa Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe, Rosine, pamoja na kichanga chao miezi michache baadaye. Mwenzake Johannes Rebmann alikaa Rabai hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu. Waumini waliobatizwa katika miaka yote hiyo walikuwa wachache mno. Umati uliojaza makanisa ya Pwani ulikuja kwa njia nyingine: mateka waliotolewa majahazini, na watoro waliokimbia mashamba ya mabwana zao.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Mjumbe wa Uingereza katika mazungumzo hayo alikuwa Sir Bartle Frere. Miaka miwili baadaye William Salter Price wa shirika la kimisionari la CMS alianzisha upande wa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kijiji kilichopewa jina la mjumbe huyo: Freretown. Manowari za Uingereza zilipokamata majahazi, waliokutwa ndani walikabidhiwa hapo. Wengi walitoka bara ya kusini, Wayao, Wanyasa na Wamakua, na lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili. Wenyeji waliwaita Wamisheni. Kengele ya kijiji iliwaita kazini na kanisani, na wazee husimulia kwamba iliwatahadharisha pia wavamizi walipokaribia. Hata leo mtu akitaka kushuka hapo humwambia kondakta, "Kengeleni!"

Walezi wao wa kwanza walikuwa Waafrika waliopitia mkasa huohuo. William Jones, Ishmael Semler na George David walitekwa wakiwa watoto, wakapelekwa India, wakasomeshwa Nasik karibu na Bombay, kisha wakarudi kuhudumu Mombasa. Maisha ya Freretown hayakuwa mepesi. Amri zilikuwa kali, na viboko vilichapwa kiasi cha kuzua malalamiko na uchunguzi. Inauma kufikiri kwamba mtu aliyetoka katika minyororo alikutana na kiboko mikononi mwa waliomwokoa.

Ila jaribu kubwa zaidi lilikuwa la watoro. Mkataba wa 1873 ulihusu biashara ya baharini tu. Aliyekuwa mtumwa wa mtu Takaungu, Malindi au Mambrui, akilima mtama na ufuta, alibaki mali halali ya bwana wake mbele ya sheria. Akikimbilia misheni, misheni ilitakiwa imrudishe. Balozi wa Uingereza Zanzibar aliwaonya wamisionari wasiwapokee watoro, nao, wakiogopa misheni nzima kuchomwa moto, walitoa ahadi ya kutii. Hofu yao ilikuwa na msingi, maana matajiri wa Mombasa walishatishia kuivamia Freretown.

Wakristo Waafrika walipima jambo hilo kwa mizani yao. Katika nchi ya Wagiriama, kundi lililotokana na Abe Ngoa, muumini wa enzi za Rebmann, lilijenga kijiji cha Fuladoyo na kuwapokea watoro wa Malindi na Takaungu. Hawakuwa na mmisionari wa kukaa nao. Kiongozi wao, David Koi, aliwafundisha kusoma, akaongoza sala, akasimamia kilimo. Mwaka 1883 wenye watumwa walikishambulia kijiji, wakamkamata Koi na kumuua. Wakristo wengi wa Pwani humhesabu kuwa shahidi wa kwanza wa Kenya. Kwa maoni yangu, jina lake lilistahili kujulikana na kila mtoto wa kipaimara nchini, sawasawa na la Krapf.

Rabai nako William Jones alikuwa akipokea watu kimyakimya. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi, akafuatana naye katika safari ya kwenda Buganda. Walipofika Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, askofu aliendelea mbele na watu wapatao 50, akamwachia Jones msafara uliobaki. Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba. Jones alisubiri, akapata habari, kisha akawarudisha wapagazi wake kwa miguu hadi pwani. Februari 1886 Rabai waliwaona wakiingia, nguo zimechakaa, mbele yao bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi, yaani utukufu umeondoka, jina la mtoto aliyezaliwa siku Sanduku la Agano liliponyakuliwa. Jones hakuacha huduma. Alirudi kwa watoro wake Rabai.

Price alipotumwa tena Mombasa mwaka 1888 alikuta mamia ya watoro wamekaa Rabai, wana nyumba, mihogo shambani na majina katika rejista ya ubatizo. Mabwana walikuwa wakiwadai kwa hasira. Kuwarudisha kungekuwa kuisaliti Injili. Kuwaficha kungeleta vita. Kampuni ya Waingereza iliyokuwa imekabidhiwa ukanda wa pwani, chini ya George Mackenzie, ilikubali kulipa fidia, huku serikali na marafiki wa misheni wakichangia. Tarehe 1 Januari 1889, hapo Rabai, zaidi ya watoro 1,400 walipewa hati za uhuru, na mabwana wakapokea fedha zao. Kuwalipa waliomiliki binadamu kunaniudhi hata leo, lakini sidhani kulikuwa na mzazi katika foleni ile aliyeikataa hati kwa sababu hiyo.

Wengi wao walikuwa wameshaoana, wakawabatiza watoto na kuvuna mashamba yao miaka kadhaa kabla karatasi ile haijaandikwa. Katika ukanda wa pwani ya Kenya, utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1907.