Mawe yanayolia, ala ya kale ya Afrika Mashariki

MAWE marefu yaliyosimamishwa na watu wa kale barani Ulaya, kama yale ya Stonehenge nchini Uingereza, yamewavutia watunzi wa muziki wa Kikelti usio na maneno, unaopigwa taratibu kwa kinubi na filimbi. Muziki huo ni ubunifu wa watu wa zama hizi, ilhali Stonehenge ilianza kujengwa yapata miaka 5,000 iliyopita. Afrika Mashariki kuna mawe ambayo yenyewe ndiyo ala.

Nchini Tanzania, mfano unaojulikana zaidi ni mwamba uliopo katika vilima vya mawe vya Moru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ukigongwa kwa jiwe dogo, hutoa mlio kama wa upatu. Uso wake una vishimo vya mviringo vilivyotokana na kugongwa mahali palepale kwa muda mrefu.

Katika vilima hivyo imo pia michoro ya ngao za Wamasai, ambao waliishi Serengeti hadi mwaka 1959 walipohamishiwa Ngorongoro.

Miamba ya aina hiyo ipo pia katika kisiwa cha Lolui, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria. Nchini Nigeria, mtaalamu wa mambo ya kale Bernard Fagg aliandika habari zake mwaka 1956.

Si kila jiwe hulia. Jiwe lenye mlio huwa gumu, halina nyufa, na hukalia mawe mengine kwa sehemu ndogo tu, hivyo huwa huru kutetemeka. Likifukiwa udongoni, mtetemo humezwa na sauti hufa.

Ndiyo maana ala hii haipatikani kila mahali. Utete, makao makuu ya Wilaya ya Rufiji, ipo kando ya mto, katika bonde la udongo ulioletwa na mafuriko. Kuelekea delta, upande wa Kibiti, nchi ni tope, mchanga na mikoko. Huko kazi ya kuita watu na kuongoza uchezaji, zikiwamo sherehe za unyago, ni ya ngoma ya mti na ngozi.

Tofauti kubwa ya ala hizo mbili ipo kwa wapigaji. Mwamba wa Moru umebaki na alama za mikono iliyoupiga, lakini nyimbo zake hazikurithiwa. Ngoma za Rufiji bado zina mafundi wanaoweza kufundisha na kurekodiwa.

Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964. Sheria inaweza kulinda jiwe lisivunjwe. Ngoma nayo ikipasuka huwambwa upya. Mdundo usiporithishwa, hupotea pamoja na aliyeujua.