Aprili ya Paris na Masika ya Kisugu

Mwaka 1956 waimbaji mashuhuri wa Marekani, Ella Fitzgerald na Louis Armstrong, walitoa santuri yao "Ella and Louis". Waliwasindikiza wanamuziki wanne: Oscar Peterson kwa piano, Herb Ellis kwa gitaa, Ray Brown kwa besi na Buddy Rich kwa ngoma. Miongoni mwa nyimbo zake umo "April in Paris", alioutunga Vernon Duke mwaka 1932. Wimbo huo una ndugu zake katika jazi, nao husifu majira: "Summertime" wa Gershwin, wa mwaka 1935, na "Autumn Leaves" wa Joseph Kosma.

Mwalimu wa Kiswahili azifasirije nyimbo hizi mbele ya wanafunzi wa Kisugu, Kampala?

Aprili ya Paris ni mwezi ambao miti iliyosimama uchi wakati wa baridi huchipua na kutoa maua. Aprili ya Kisugu ni kitovu cha mvua ambazo Waganda huziita ttoggo. Maji huteremka kuelekea Namuwongo na mfereji wa Nakivubo, na mkazi wa bondeni huyaangalia mawingu kwa hofu. Basi mwanafunzi akiandika "masika", mwezi ameupata, lakini furaha ya mtunzi imempotea.

Kadhalika "kiangazi". Kwa watu wa nchi za baridi, majira hayo ni faraja. Kwetu ni jua kali na nyasi kukauka. Ndiyo maana Shakespeare alipomlinganisha mpenzi na siku ya majira hayo alikuwa akimsifu, ilhali neno letu laweza kusikika kama lawama. Na "vuli" je? Huko majani hupukutika, na wimbo ni wa kuagana; huku vuli, ambayo Waganda huiita ddumbi, ni wakati wa kupanda mahindi na maharage.

Tusisahau kwamba hata maneno yetu yana kwao. Masika na vuli ni maneno ya pwani, yaliyokua pamoja na pepo za kaskazi na kusi zilizosukuma majahazi. Yalifika Buganda pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19. Kwa hiyo Kampala nayo imeyapokea kama wageni.

Yafaa basi mwalimu, kabla ya kufungua kamusi, aulize: majira haya huwatendea nini watu wake? Akishapata jibu, ndipo achague neno. Na neno moja lisipotosha, aseme "majira ya kuchipua" bila kuona haya.