ZAMANI ULIKUWA UNACHOMOA BETRI TU! Stori ya swichi iliyopotea, kutoka Sirari hadi Mugumu

Wadau, mnakumbuka kitochi? Nokia 1100, ile yenye tochi kichwani, ilitoka mwaka 2003 na ikauzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Enzi hizo mtu wa Tarime au Mugumu akitaka kupotea hewani ilikuwa kazi ya sekunde mbili. Unafungua mfuniko wa nyuma, unachomoa betri, kwisha habari. Anayepiga anaambiwa hupatikani, na mnara nao haujui tena uko wapi.

Hiyo ndiyo ilikuwa swichi. Hakuna aliyeiita hivyo, ila kila mtu alikuwa nayo mfukoni.

Mwaka 2007 ikaja iPhone, betri imefungiwa ndani. Taratibu na kampuni nyingine zikafuata. Mwaka 2013 jamaa mmoja Mmarekani aliyevujisha siri za shirika la ujasusi la NSA, akiwa mafichoni Hong Kong, aliwaomba wageni wake waweke simu kwenye friji. Watu wakacheka. Lakini mwenzao alikuwa anajua kitu: ukibonyeza alama ya ndege, unaiomba tu programu izime mawasiliano. Programu ikishaingiliwa, inaweza kukudanganya. Swichi ya kweli inakata umeme wenyewe.

Ndiyo maana zikazaliwa simu kama Librem 5, yenye swichi tatu ubavuni: moja ya kamera na maiki, moja ya waifai na bluetooth, moja ya laini. PinePhone nayo imezificha zake chini ya mfuniko. Mtaani kwetu kuziona ni bahati.

Huku Bongo mambo yakageuka pia. Januari 20, 2020 ilikuwa siku ya mwisho ya kusajili laini kwa alama za vidole. Tangu hapo hata kitochi kina jina lako.

Sasa njoo Serengeti uone kwa nini hili si suala la matajiri. Ikifika Desemba, wapo mabinti wanaokimbia nyumbani usiku kukwepa kukeketwa, japo sheria imekataza kumkeketa binti wa chini ya miaka 18 tangu 1998. Shirika la Hope for Girls and Women lina nyumba salama Mugumu na Butiama. Kuanzia 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji na barabara kwenye ramani ya mtandaoni, ili waokoaji wasipotee gizani. Hapo simu inayojua ulipo inaokoa maisha.

Ila geuza upande wa pili. Kama simu ya binti huyo ilifunguliwa kwa akaunti ya kaka yake, kaka naye anaweza kuiona kwenye ramani. Kidoti kilekile kinachomleta mwokozi kinaweza kumleta anayemfukuza. Tofauti ni nani kashika swichi.

Betri haichomoki tena, lakini bado una pa kuanzia. Fungua akaunti yako mwenyewe. Ingia kwenye mipangilio, zima "Mahali" kama huhitaji, kagua programu gani zina ruhusa ya maiki na kamera. Na ukitaka kupotea kweli, iache simu nyumbani.

Haya, wewe simu yako kaifungua nani? Dondosha komenti hapo chini.