Historia Fupi ya Akina Mama Kujifunza Kuelea

Kikundi chetu kimefikisha miaka 10. Wenzangu wameandika habari za hisa na mikopo. Mimi mwenyekiti wenu, elimu yangu ni ya darasa la saba, naandika habari ambayo wengi wenu mliicheka: sisi watu wazima kwenda kujifunza kuogelea.

Historia hii inaanza kabla ya kikundi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, lakini waliokufa tu walizidi 800. Miili ilipelekwa Uwanja wa Nyamagana watu wakatambue ndugu zao, na wengi walizikwa Igoma, hapo mbele tu ukitoka Buzuruga kwa barabara ya Musoma. Nilikuwa msichana wakati huo. Tangu siku ile mimi na ziwa ikawa mwisho kwenye vifundo vya miguu.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere nacho kikapinduka karibu na Ukara, wakafa watu 228. Kivuko hicho kilikuwa cha watu 101. Baada ya hapo wenzetu wanaofuata dagaa visiwani wakawa hawalali usiku wa kuamkia safari. Mmoja aliacha biashara kabisa na marejesho yake yakakwama. Yaani hofu ya maji ikaingia mpaka kwenye sanduku la kikundi.

Ndipo mwenzetu mmoja akasimama kwenye kikao akasema, "Mayu, tunaishi pembeni mwa Nyanza na hata kuelea hatujui!" Watu wakacheka. Akatueleza habari za Nungwi, Zanzibar, ambako mradi wa Panje ulianza mwaka 2011. Wasichana na wanawake wa Kiislamu walifundishwa kuelea, kuogelea na kuokoa mtu, wakiwa wamevaa nguo za kuogelea zinazositiri mwili wote. Kama wao wameweza bahari, sisi je? Tukapiga kura, ikapita kwa shida.

Tulichagua bwawa la kuogelea mjini, maana pembeni mwa ziwa penye matete na maji yaliyotulia kuna kichocho. Mwalimu wa kwanza alikuwa na haraka. Alimvuta mwenzetu mmoja kwa nguvu, mama wa watu akanywa maji, na hakurudi tena mpaka leo. Hilo ni kosa letu pia, kwani tulisimama tu tukitazama.

Wa pili alikuwa binti mpole. Siku ya kwanza hatukuogelea kabisa. Tulikaa kwenye ngazi, tukanawa uso, tukaingiza mdomo majini na kupuliza mapovu. Siku nyingine tukasimama maji ya kiunoni. Alinilaza chali, kiganja chake chini ya kisogo changu, akasema, "Mama, sikuachii mpaka wewe mwenyewe useme." Nilikaza shingo, nikainua kichwa nitazame miguu, na miguu ikazama papo hapo. Akanieleza kwamba mapafu yenye hewa yanamwinua mtu, lakini ukiinua kichwa miguu inashuka, na ukihangaika unapoteza pumzi. Legeza shingo, masikio yaingie majini, tazama juu, pumua taratibu. Pia alitufundisha mapema namna ya kusimama tena: vuta magoti kifuani, sukuma maji kwa mikono, kisha shusha miguu. Nilipojua njia ya kutoka, hofu ikapungua nusu. Siku ya nne nikasema, "Niachie." Nikaelea. Nililia humo humo majini.

Tulianza tisa, tukamaliza sita. Yule aliyeacha dagaa amerudi Ukerewe na deni amelimaliza.

Lakini tusidanganyane. Kuelea peke yake kusingewaokoa wote wa MV Bukoba, maana wengi walinasa ndani. Chombo kikijaa kupita kiasi, usipande. Vaa jaketi la kujiokolea tangu unapoingia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Hapa Mwanza shirika la EMEDO nalo limefanya kazi hiyo ziwani.

Nilichojifunza ni hiki: mwoga hasukumwi. Hata kwenye hisa, aliyeogopa kuweka hela yake sandukuni hatukumlazimisha. Tulimwonyesha kufuli na daftari, akaja mwenyewe. Ombi langu kwa miaka 10 ijayo ni kwamba mfuko wa jamii ununue majaketi kwa wote wanaovuka. Na yule mwenzetu aliyekunywa maji, tumfuate nyumbani, tumwombe radhi, tuanze naye kwenye ngazi.



Mwenyekiti wenu